NGUVU NA MWENDO, NA HESABU YA SAFARI ZETU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Yapigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini.)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya nguvu na mwendo. Twajua kwamba wengi wetu ni watu wa kalamu na majalada, na labda mtu ameketi hapa akijiuliza, karani ana haja gani na elimu hii? Jawabu letu ni fupi. Hapana hata mmoja kati yetu asiyepanda gari. Twasafiri kwa kazi, twahamishwa kituo, twaenda likizo, twawapeleka watoto shule, twakwenda mazikoni. Na kila apandaye gari amekwisha kuingia katika hesabu ya nguvu na mwendo, apende asipende, aijue asiijue.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni. Ukigawanya kwa siku za mwaka, utapata watu zaidi ya 3,200 kila siku. Tena Shirika hilo lasema kwamba kwa watu wa umri wa miaka 5 hata 29 hapana jambo liuwalo wengi kuliko ajali hizo. Ajali zinapotokea, aghalabu twasema ni bahati mbaya, au siku yake ilikuwa imefika. Hatukuja kubishana na mtu juu ya majaliwa. Twataka kuonyesha tu kwamba katika jambo hili iko sehemu iliyo hesabu tupu, na hesabu hiyo kila karani aweza kuifanya kabla ya kuingia garini.

KANUNI YA KWANZA

Aristotle, mwenye hekima wa Kiyunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kitu kinachoendeshwa kwa nguvu huenda maadam kuna kitu kingine kinachokisukuma, na msukumo ukikoma, mwendo nao hukoma. Kwa macho neno hili laonekana kuwa kweli. Asukumaye mkokoteni akiuacha, mkokoteni husimama. Basi watu waliliamini kwa miaka mingi sana.

Hata hivyo walikuwapo waliolitilia shaka. Katika karne ya 6 Yohana Philoponus wa Alexandria, katika nchi ya Misri, alilipinga. Ibn Sina, tabibu na mwanachuoni mashuhuri aliyekufa mwaka 1037, aliandika kwamba kitu kikitupwa mahali patupu pasipo hewa wala kizuizi, hakingesimama chenyewe. Baadaye Galileo, Mwitaliano, alifingirisha mipira juu ya mbao zilizoinamishwa, akapima mwendo wake kwa subira nyingi, na mwaka 1638 akatoa kitabu chake. Mwisho Isaac Newton, Mwingereza, alikusanya mambo haya yote katika kanuni tatu, akazitangaza mwaka 1687. Kwa hiyo elimu hii si mali ya taifa moja. Imejengwa na watu wa nchi nyingi na dini nyingi, kila mmoja akiongeza tofali lake.

Kanuni ya kwanza yasema hivi: Kitu kilichotulia hudumu katika utulivu wake, na kitu kiendacho hudumu katika mwendo wake, kwa kasi ile ile na kwa njia iliyonyoka, mpaka nguvu nyingine itokee kukibadili hali yake.

Tazameni maana yake. Mwendo hauhitaji nguvu ili uendelee. Kinachohitaji nguvu ni kuuanza, kuugeuza na kuukomesha. Ule mkokoteni haukusimama kwa sababu umeachwa, bali umesimamishwa na msuguano wa ekseli, na mchanga, na mawe ya njiani. Mahali pasipo msuguano mambo ni mengine kabisa. Chombo kiitwacho Voyager 1, kilichorushwa na Wamarekani mwaka 1977, kimekwisha kuzipita sayari zote za jua letu, nacho kingali chaenda kwa kasi ya kilomita 17 hivi kila sekunde, wala hapana injini inayokisukuma mbele.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Watu wa pwani wameijua kanuni hii tangu zamani kwa kazi ya mikono yao. Nahodha wa jahazi akikaribia bandari hutua tanga mapema, kabla hajafika. Ajua kwamba upepo ukisha kuachwa, jahazi litazidi kwenda, na likiwa na shehena litakwenda mbali zaidi. Angengoja mpaka ufukweni ndipo atue tanga, angevunja chombo.

Sasa mfikirini abiria katika basi liendalo kasi. Dereva anakanyaga breki kwa ghafula, na abiria anakwenda mbele akagonga kiti. Watu husema, "Basi limemrusha." La! Hakurushwa na kitu. Basi ndilo lililozuiwa, na yeye hakuzuiwa. Ameendelea na mwendo aliokuwa nao tangu mwanzo, mpaka akakutana na kiti. Kwa hiyo katika ajali huwa migongano miwili: gari hugonga mti, kisha mtu hugonga gari. Huo wa pili ndio uuao.

KANUNI YA PILI

Kanuni ya pili yatupa kipimo. Yasema kwamba badiliko la mwendo hufuata nguvu iliyotumika: nguvu ikizidi, badiliko hutokea upesi zaidi, na kitu kikiwa kizito zaidi, hutaka nguvu nyingi zaidi ili kubadilika kwa kiasi kile kile. Lori la tani 10 litakalosimama kwa umbali ule ule kama gari dogo la tani 1, kwa kasi moja, lahitaji nguvu mara 10.

Katika kanuni hii mna siri inayofaa sana, nayo ni hii: kwa mwendo ule ule, waweza kusimamishwa kwa nguvu kidogo katika umbali mrefu, au kwa nguvu nyingi katika umbali mfupi. Huna njia ya tatu. Mlinda lango adakaye mpira mkali huirudisha mikono yake nyuma kidogo. Mtoto arukaye kutoka juu ya mwembe hukunja magoti afikapo chini. Hakuna aliyewafundisha kanuni za Newton, lakini miili yao imekwisha kujua kwamba kurefusha kusimama ni kupunguza nguvu ya pigo.

Na tupige hesabu. Gari laenda kilomita 50 kwa saa, nalo lagonga ukuta. Sehemu ya mbele yajikunja, hata gari lasimama katika umbali wa nusu mita. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 aliyefungwa mkanda husimama pamoja na gari. Nguvu inayomzuia ni kama uzito wa kilo 1,300 na zaidi. Ni nguvu kubwa, lakini mkanda waitandaza juu ya kifua, bega na nyonga, na aghalabu mwili huistahimili. Sasa tumwondolee mkanda. Gari limekwisha kusimama, naye angali aja kwa kilomita 50 kwa saa. Akikutana na usukani au kioo na kusimama katika umbali wa sentimita 5, nguvu hiyo yawa mara 10, yaani kama uzito wa kilo 13,000. Hilo ni lori pamoja na shehena yake.

Mkanda tunaoutumia sasa, upitao begani na kiunoni, ulitengenezwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa kiwanda cha Volvo katika nchi ya Uswidi. Katika Kenya, sheria zilizopewa jina la Waziri John Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, ziliagiza mikanda katika matatu na vifaa vya kuzuia kasi isipite kilomita 80 kwa saa. Watu wengi walinung'unika, wakaona ni usumbufu na gharama. Lakini sheria ile ilikuwa ni kanuni ya Newton iliyotiwa muhuri wa serikali.

Yafaa tuseme neno juu ya watoto, maana hapa ndipo watu wema hukosa bila kukusudia. Mzazi humpakata mtoto kiti cha mbele akasema, "Nimemshika vizuri." Mtoto wa kilo 10, katika ajali ile tuliyoitaja ya kilomita 50 kwa saa, huivuta mikono ya mzazi kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 200 hivi. Hizo ni gunia mbili za mahindi za kilo 100, na zaja kwa ghafula, katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapana mama wala baba, ajapokuwa na mapenzi ya namna gani, awezaye kuzishika. Mtoto apasa kuwa na kiti chake, naye afungwe katika kiti hicho, tena nyuma.

KASI NA MRABA WAKE

Sasa twafika mahali ambapo watu wengi, hata waliosoma, hudanganyika. Hudhani kwamba kasi ikiongezwa mara mbili, hatari nayo imeongezeka mara mbili. Sivyo. Kazi inayotakiwa ili kukisimamisha kitu hufuata mraba wa kasi. Kasi mara 2, kazi mara 4. Kasi mara 3, kazi mara 9.

Ili jambo hili lionekane kwa macho, tuupime mgongano kwa urefu wa mti. Mtu aangukaye kutoka juu ya mnazi wa mita 10 hufika chini kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Basi kugonga ukuta kwa kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka kilele cha mnazi huo. Na kugonga kwa kilomita 100 kwa saa je? Si minazi miwili. Ni karibu mita 40, yaani minazi minne ya namna ile, mmoja umesimamishwa juu ya mwingine. Ambaye angekataa kupanda juu hivyo bila kamba, hupanda kila anapomwambia dereva, "Ongeza mwendo kidogo."

KANUNI YA TATU

Kanuni ya tatu yasema kwamba kila nguvu ina mwenziwe: ukikisukuma kitu, nacho chakusukuma wewe kwa nguvu sawa, kuelekea upande wa pili. Ashukaye mtumbwini kwa kuruka huona mtumbwi warudi nyuma. Kwa kanuni hiyo roketi hupanda, maana husukuma moshi wake chini, nao moshi huisukuma juu, hata pasipo hewa ya kuegemea. Hivyo ndivyo chombo kilichoitwa Uhuru kilivyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kilikuwa chombo cha kwanza kilichopelekwa juu kwa kazi maalum ya kuchungua miali ya eksirei itokayo mbinguni, na jina lake ni neno la Kiswahili.

Lakini kwa msafiri wa barabarani kanuni hii ina maana nyingine iliyo karibu zaidi. Gari huendaje mbele? Magurudumu huisukuma barabara nyuma, nayo barabara hulisukuma gari mbele. Na husimamaje? Breki hulizuia gurudumu tu. Kinacholisimamisha gari ni barabara yenyewe, kwa msuguano wake juu ya mpira wa gurudumu. Barabara ikikataa, breki haina neno. Na barabara hukataa wakati wa mvua, na penye matope, na penye mchanga juu ya lami, na mpira ulipokwisha meno. Dereva asemaye, "Breki zangu ni mpya," amesema nusu tu ya habari.

Tupime tena. Juu ya lami kavu, kwa breki njema na mipira mizima, gari liendalo kilomita 40 kwa saa huhitaji mita 9 hivi ili lisimame. Lakini kabla mguu haujakanyaga, dereva huhitaji kama sekunde moja ya kuona na kutambua, na katika sekunde hiyo gari limekwisha kwenda mita 11. Jumla ni mita 20. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde ya kutambua yala mita 22, na breki zataka mita 36. Jumla ni mita 58.

Basi mtoto wa shule akitokea ghafula mita 30 mbele yetu, itakuwaje? Dereva wa kilomita 40 atasimama zikiwa zimebaki mita 10, naye atashusha pumzi na kuendelea na safari. Dereva wa kilomita 80 atakapoanza kukanyaga breki atakuwa amebakiwa na mita 8 tu, naye atamfikia mtoto angali na kasi ya kilomita 70 hivi kwa saa. Madereva wote wawili waweza kuwa hodari sawasawa, wenye macho mazima na breki moja. Kilichowatenga ni tarakimu iliyokuwa katika kipimo cha mwendo kabla mtoto hajaonekana.

MIZANI YA FAIDA NA HASARA

Sisi ni watu wa mahesabu, na yatupasa kuuliza, haraka hii yatuletea faida gani? Tuchukue safari ya kilomita 60. Kwa kilomita 80 kwa saa utakwenda dakika 45. Kwa kilomita 100 kwa saa utakwenda dakika 36. Faida ni dakika 9. Katika upande wa pili wa daftari andikeni hasara: nguvu ya mgongano imezidi kwa nusu na zaidi, maana mraba wa 100 umeupita mraba wa 80 kwa kiasi hicho, umbali wa kusimama umerefuka, na mafuta yametumika zaidi. Je, yuko mhasibu kati yetu ambaye angetia sahihi hesabu ya namna hiyo? Dakika 9 ndizo tunazozipoteza kila siku tukingoja chai ichemke.

Wazee waliposema kwamba haraka haraka haina baraka, wengi tulidhani ni neno la adabu. Kumbe ni hesabu pia.

Mwendo ni kama deni. Unapokanyaga mafuta, unakopa. Deni hilo halifutwi hata siku moja. Hapana budi lilipwe lote kabla gari halijasimama. Ukitumia breki mapema, walilipa polepole, na joto la breki ndiyo malipo yake. Ukichelewa, utalipa mara moja, kwa chuma, kwa mti au kwa mfupa. Newton hakutunga sheria hii, ameisoma tu na kuiandika. Kwa hiyo haina rufani, haijui cheo, wala haitazami kama gari ni la serikali au la mtu binafsi.

MASHAURI YETU

Mabwana na mabibi, elimu isiyofika mikononi ni mzigo wa kichwa. Kwa hiyo twatoa mashauri manne, nanyi wanachama myapime.

Kwanza, mwanachama asafiriye kwa kazi katika gari la ofisi asimhimize dereva. Dereva ni mtu mwenye mkuu wake. Ofisa aliyeketi nyuma akisema, "Kaza mwendo, tumechelewa," dereva ataona vigumu kukataa, naye ndiye atakayelaumiwa ajali ikitokea. Tuliochelewa kutoka nyumbani tusimfanye dereva alipe deni letu. Na tuwe radhi kumwambia, "Ndugu, nenda taratibu, tutafika."

Pili, kila mmoja afunge mkanda, mbele na nyuma. Aliye nyuma bila mkanda huwa mzigo utakaomwangukia aliye mbele, maana kanuni ya kwanza haichagui viti. Na apandaye bodaboda avae kofia ngumu na kuifunga kidevuni. Ndani yake mna tabaka lijikunjalo, ambalo hurefusha kusimama kwa kichwa kwa sentimita chache, na sentimita hizo chache ndizo tofauti ya kuamka na kutoamka.

Tatu, tusipande juu ya shehena ya lori, wala tusiweke mizigo mizito isiyofungwa ndani ya gari. Sanduku la majalada lililowekwa nyuma ya kiti nalo lina mwendo wake, na gari likizuiwa, sanduku litauendeleza.

Nne, tuwafundishe watoto wetu hesabu hii ya minazi na ya mita 30. Mtoto ajuaye kwamba gari haliwezi kusimama papo hapo, hata dereva akitaka kwa moyo wake wote, atangoja kando ya njia mpaka gari lipite.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo. Kesho wengine wetu watarudi vituoni mwao, na njia ni ndefu. Twawaombea safari njema, na twawakumbusha kwamba kufika umechelewa ni jambo linaloelezeka kwa barua ya mistari miwili. Kutokufika huandikiwa barua nyingine, na si sisi tutakaoiandika.